Waya wa Nondo Kwenye Fyuzi ya Mama Loisi

Makole, Dodoma
Jumapili, 9 Juni 1996

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi, maana nyumba ninayokaa inaweza kuungua na watu wakiwa ndani, na ikiungua aliyeichoma nitakuwa mimi, ingawa hakuna anayejua hivyo isipokuwa mimi na sasa wewe.

Mimi ni kibarua. Jina langu la kwanza ni Castory, hilo unaweza kuliandika gazetini, la ukoo naomba uliache. Nimetoka Mbinga, bei ya kahawa ilipoharibika nikamwacha mke wangu Priska na watoto nikaja huku kwa sababu niliambiwa Dodoma wanajenga, na kweli wanajenga, mwaka wa tatu huu nafunga nondo na kubeba zege, na mgongo wangu siku hizi haunyooki asubuhi mpaka niuegemeze ukutani kwanza. Shule niliishia darasa la nne. Watu wa huku wananiita Mngoni, mimi ni Mmatengo, nimechoka kuwasahihisha.

Napanga chumba cha uani kwa Mama Loisi, mjane, Mgogo wa kule Bahi. Nyumba yenyewe ni ya zamani, marehemu mume wake aliinunua kwa Mhindi aliyekuwa na duka, na umeme uliomo ni ule ule wa Mhindi, waya zinapita darini juu ya silingi bodi, na ziliwekwa kwa ajili ya taa tano na redio, kwa sababu wakati huo mtu alikuwa na nini kingine cha kuchomeka. Tunakaa watu saba. Mama Loisi na binti yake wa mwisho Brightness, binti mkubwa Devota na mapacha wake ambao bado hawajatimiza mwaka, Yasinta aliyepanga chumba cha mbele, na mimi.

Sasa siku hizi vitu vimeingia, kila mtu anauza kitu. Mama Loisi alipata friji kwa mtu aliyepunguzwa kazi shirikani, anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, na Yasinta akafungua saluni humo humo chumbani, ana draya ile ya kukaa chini yake kama kofia na pasi ya nywele. Tangu vitu hivyo viingie, fyuzi ikawa inakatika. Unajua ndani ya fyuzi kuna kijiwaya chembamba kama unywele, hicho ndicho kinakatika. Kila kikikatika wanamwita Batholomeo, anayetengeneza redio pale sokoni, anaweka kingine, baada ya siku mbili kimekatika tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, joto kali, nimerudi kutoka saiti nikakuta barafu zimeyeyuka zote, maji mekundu ya ubuyu yametapakaa sakafuni, Mama Loisi amekaa kwenye kigoda anayatazama tu, na Yasinta ana mteja ambaye kichwa nusu kimenyooka nusu hakijanyooka, anagomba kama amechomwa. Batholomeo hayupo, amekwenda msibani Mpwapwa. Mimi mfukoni nilikuwa na waya wa kufungia nondo, sisi tunatembea nao siku zote. Nikazima meni swichi, nikachomoa fyuzi, nikafunga ule waya wa nondo pale penye kile chembamba, tena nikaukunja mara mbili, maana ndivyo tunavyofanya kwenye nondo, ukitaka kitu kishike unakunja waya mara mbili.

Nikawasha, na kila kitu kikawaka pamoja, friji, draya, taa, redio. Mama Loisi akapiga kigelegele. "Kumbe tunaye fundi ndani ya nyumba na tunahangaika na Batholomeo!" Yasinta akasema, "Kaka Castory, kuanzia leo nywele za mkeo nazitengeneza bure, mlete tu." Wote wakacheka. Mshauri, nitakuambia ukweli, mimi tangu nizaliwe sijawahi kuitwa fundi. Saiti mimi ni "wewe", au "saidia". Tangu siku ile Mama Loisi ananiita fundi wetu, ananiwekea ugali wa uwele na mlenda ninapochelewa, na barua niliyompelekea Priska niliandika kwamba siku hizi nashughulika na umeme.

Miezi minne sasa ile fyuzi haijakatika hata mara moja. Nilidhani ni uzuri.

Mwezi wa tano harufu ikaanza. Ni kama kandambili iliyotupwa kwenye jivu la moto, inakuja draya ikiwaka, halafu inaondoka. Taa ya koridoni nayo ikawa inafifia kila friji inapoanza kunguruma, halafu inarudi. Mama Loisi akasema ni panya amekufa darini, akaniambia, "Fundi, panda ukamtoe."

Nikapanda mchana ule ule, Mama ameshika ngazi. Darini chini ya mabati ni kama ndani ya tanuri, na vumbi jekundu limelala kila mahali, na tochi yangu ilikuwa na betri dhaifu. Nikazifuata waya. Zile waya si za plastiki kama tunazoziona saiti, ni za mpira zilizovikwa kitambaa, na kitambaa kimekauka mpaka nilipopita nikakigusa kwa kiwiko tu kikamomonyoka kama ukoko wa ugali, shaba ikabaki wazi. Sijui kwa nini sikurushwa. Sehemu nyingine panya wametafuna, na pembeni yake wametengeneza kiota cha matambara ya mitumba na karatasi. Halafu nikafika mahali waya tatu zinapokutana kwenye kiboksi cha mbao, na kenchi, ile mbao inayobeba paa, iliyo chini yake imekuwa nyeusi, kama kiganja changu na nusu, nyeusi ya mkaa. Nikaweka mkono kwenye mbao, mbali kidogo. Ilikuwa ya moto. Si moto wa jua, maana mbao za pembeni nazo nilizigusa, hazikuwa hivyo.

Nikahesabu hatua kurudi kwenye tundu nililopandia nikajua niko juu ya chumba gani. Ni chumba cha Devota. Kitanda cha mapacha kiko pale pale chini.

Mama akaita, "Vipi fundi, umemwona?" Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo naliona kubwa kuliko la waya. Kulikuwa na panya aliyekauka, wa zamani sana, hana hata harufu. Nikamshika mkia nikashuka naye. "Huyu hapa Mama." Akasema, "Ehee, nilijua!" Akamtupa jalalani, na mimi nikanawa mikono nikaenda kukaa chumbani kwangu.

Nilimwendea Batholomeo. Sikumwambia habari ya waya wa nondo, nilimwambia tu waya za darini zimezeeka, nikamwuliza mtu anajuaje kama bado ni salama. Akaniangalia akacheka. "Taa zinawaka?" Nikasema zinawaka. "Basi waya ni mzima. Wewe Mngoni umeanza lini kuuliza maswali ya mainjinia? Rudi kwenye zege lako." Lakini akaniazima testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akasema nikigusisha kitaa kikawaka nijue umeme upo. Ninayo hapa. Sijapanda nayo, naogopa.

Jumatatu iliyopita kabla ya kwenda kazini nilizima meni swichi kimya kimya nikamwambia Mama Loisi umeme umekatika. Sikufika hata barabarani nikasikia Yasinta anapiga kelele, "Umeme umekatika kwetu peke yetu? Mbona redio ya jirani inaimba?" Akaenda mwenyewe akawasha. Jioni akawa ananitania mbele ya wote, "Huyu fundi wenu hajui hata swichi imezimwa." Wakacheka, na mimi nikacheka, na wakati nacheka nilikuwa natazama silingi bodi.

Sasa siwezi kulala vizuri wala kufanya kazi vizuri, juzi nilidondosha ndoo ya zege karibu na mguu wa mwenzangu. Nikiwa saiti kila moshi nikiuona upande wa Makole moyo unasimama, hata kama ni mtu anachoma takataka. Upepo wa kipupwe nao umeanza, usiku mabati yanagonga na mimi nadhani kitu kinalipuka. Devota nimemshauri ahamishe kitanda cha mapacha karibu na dirisha wapate hewa, akaniambia, "Kaka Castory, na baridi hii? Unataka wanangu wapate kifua?"

Na kuna jambo lililonifanya niandike leo. Jumapili ya tarehe 30 mwezi huu Brightness anapata kipaimara. Mama Loisi amealika ndugu zake wote kutoka Bahi, na amekodi muziki, spika mbili kubwa kama kabati na taa za rangi. Ndugu watalala humo humo, chumba cha Devota wamepangiwa wanawake wanane. Jana ameniambia mbele ya wageni, kwa furaha kabisa, "Kuunganisha muziki sina wasiwasi, fundi wetu yupo."

Naomba unijibu mambo mawili. La kwanza, mtu anapimaje waya za zamani za darini kama ni salama au si salama, nipime mwenyewe bila kumtia mtu hofu. La pili, nikiutoa waya wa nondo kwa siri nikarudisha ule mwembamba, mambo yatakuwa sawa bila kumwambia Mama Loisi? Akijua atanifukuza, na ana haki, lakini hapa Dodoma sina ndugu, na watu pekee wanaoniita kwa jina zuri ni hawa ambao nimewawekea moto juu ya vichwa.

Ukitaka kuniandikia, tumia sanduku la parokia, nimeandika namba nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Castory, kibarua


MSHAURI ANAJIBU

Castory,

Barua yako imechukua siku tisa kunifikia. Niliisoma nimesimama, sikuimaliza nikaanza kutafuta viatu. Nimezoea kuandikiwa habari za waume na mawifi, na hayo yanaweza kungoja gazeti. Lako haliwezi. Siku hiyo hiyo nilikwenda posta nikakutumia simu ya maandishi kwa sanduku la parokia: ZIMA UMEME. MWAMBIE MAMA. Sijui kama imekufika. Ndiyo maana nakujibu hapa pia, mbele ya watu wote, na nimeomba ukurasa huu utoke mapema.

Mimi si fundi umeme, nawe si fundi umeme. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikwenda kumwuliza aliye fundi. Anaitwa Mzee Yotham, ana leseni, na amekuwa akibadilisha waya za nyumba za zamani tangu mimi nasoma. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamsomea. Nilipofika penye waya wa nondo uliokunjwa mara mbili aliweka kikombe chini.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akasema, "Mwambie kijana hivi. Ile fyuzi haikuwa mbovu. Ilikuwa inakatika kwa sababu waya za darini zimelemewa, na kazi yake ni kukatika kabla waya hazijashika moto. Wao wakaona inasumbua, wakaiziba mdomo. Sasa hakuna kitu ndani ya nyumba hiyo kitakachokatika mpaka kenchi iwake."

Nilimwuliza swali lako la kwanza, unapimaje mwenyewe. Akasema hupimi. Umeshapima kwa macho, kwa pua na kwa mkono, na nyumba imekujibu mara tatu. Kitambaa kinachomomonyoka, harufu ya mpira, mbao nyeusi yenye joto, ulitaka ikuambie nini zaidi? Testa mrudishie Batholomeo. Testa inasema umeme upo, haisemi waya ni mzima, na taa nayo ni hivyo hivyo, itawaka vizuri kabisa kwenye waya unaoungua. Waya za zamani hupimwa na mwenye mita ya kazi hiyo, umeme ukiwa umezimwa, anapima kama mpira unaofunika waya bado unauzuia umeme usitoroke. Na Mzee Yotham anasema kwa ulivyozieleza, hata mita haitakuwa na la kuuliza, za darini zitoke zote ziwekwe mpya, na friji na draya kila kimoja kipewe njia yake.

Swali lako la pili linaniudhi, nawe unajua. Unataka kuutoa waya kwa siri. Ukiutoa na kurudisha mwembamba, kesho kutwa utakatika, Yasinta atapiga kelele, na utafanya nini? Utakunja tena? Na hata usipokunja, mbao imeshaungua na shaba iko wazi juu ya kitanda cha watoto. Siri haitengenezi hata inchi moja ya waya ule.

Nakuonea huruma, Castory, sikufichi. Mtu amebebeshwa zege miaka mitatu bila kuitwa jina, halafu mama wa watu anampigia kigelegele na kumwekea ugali, ni nani asingependa? Ulipoufunga ule waya hukujua, na asiyejua hasemwi sana. Lakini uliposhuka na panya mkononi ulikuwa unajua. Pale ndipo nakushika mimi. Umemwacha Devota awalaze wanawe chini ya moto ili wewe uendelee kuitwa fundi. Umeandika mwenyewe kwamba ndilo kosa kubwa zaidi, basi usiningoje mimi nikusamehe, aliyeshika ngazi ndiye wa kumwomba.

Haya, sikiliza, na ufanye leo.

Gazeti hili likikufikia, nenda ukazime meni swichi na usiruhusu mtu aiwashe. Usigombane na Yasinta, simama tu hapo mbele ya swichi mpaka wote waje. Halafu useme. Useme wote wakiwepo, Mama Loisi, Devota, Yasinta, kwa maneno yako uliyoniandikia mimi, uanze na panya. Kama ulimi utakuwa mzito, wape gazeti Brightness awasomee.

Waya wa nondo usiutoe. Mzee Yotham anataka fundi atakayekuja auone kwa macho yake ulivyokaa. Na kumbuka, hata ukizima swichi kubwa, waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye swichi hiyo bado una umeme, usiuguse kabisa. Darini usipande tena. Nendeni ofisi ya umeme mjini mkaombe jina la fundi mwenye leseni, si Batholomeo, yeye abaki na redio zake, hazina watu ndani. Mapacha wahame chumba kile siku hiyo hiyo, na mtazame dari kwa siku chache, maana mbao iliyoanza kuungua inaweza kufukuta polepole umeme ukiwa umezimwa. Mkiona moshi, watu watoke kwanza, vitu baadaye, na waiteni zimamoto. Mchanga mnao tele hapo Dodoma, jazeni ndoo mweke koridoni, na msirushe maji kwenye waya ambao hamna hakika kama umezimwa.

Kuhusu kipaimara, spika zisiguse nyumba ile. Ndugu wanakuja kutoka Bahi, Castory. Wagogo. Watu hao wamezaliwa na ngoma mabegani na sauti tatu kooni, nawe unaogopa sherehe itakosa muziki? Waambie walete ngoma zao, kisha utaona kama kuna atakayeuliza habari za spika. Wageni walale kwa majirani.

Sasa lile unaloliogopa kuliko moto. Mama Loisi anaweza kukufukuza. Siwezi kukuahidi kwamba hatakufukuza. Barafu zitakaa bila friji, draya itafunikwa, na kwa wiki kadhaa wote watakutazama vibaya. Ukifukuzwa, nenda kwa paroko ambaye sanduku lake unatumia, umweleze, atakutafutia pa kulala. Lakini kabla ya kuondoka mwombe Mama Loisi jambo moja, umsaidie huyo fundi mwenye leseni atakapokuja. Umshikie ngazi, umbebee waya, utoboe kuta, umwulize maswali yote ambayo Batholomeo aliyacheka. Mgongo wako utakushukuru kubeba waya badala ya zege, na Priska umwandikie barua nyingine useme nani alikuwa fundi na nani alimshikia ngazi.

Mimi sitalala vizuri mpaka nipate habari zako. Niandikie. Sihitaji barua ndefu, na sihitaji shukrani. Nataka nikifungua bahasha, karatasi iwe inanuka mafuta ya taa, nijue umeiandika kwa kibatari.

Wako,
Mwanne